Kabla ya kujifunza kompyuta kwa kazi ya mapokezi ya hospitali

Anayetaka kujifunza kompyuta ili afanye kazi ya mapokezi au ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa hapa Tanzania ni vema aulize, kabla ya kulipa ada, kozi inafundisha nini hasa. Ikiwa sehemu kubwa ni barua na mapambo ya maandishi, atafute nyingine, kwa sababu kazi inayomsubiri ni ya majina na namba.

Kasi ya kuchapa isimsumbue mwanzoni. Usahihi ndio wa kujipima. Mgonjwa aliyeandikwa Mwanaidi leo na Mwanahidi mwezi ujao huishia kuwa na mafaili mawili, na daktari anaweza kufungua lile lisiloonyesha kwamba penisilini humdhuru.

Lahajedwali, yaani programu ya majedwali kama Excel, ndilo linalohitaji maandalizi marefu zaidi. Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba na kuzigeuza zinazozidi hapo kuwa sifuri, ilhali namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20. Ikiingizwa bila vistari katika seli (kisanduku cha jedwali) ya kawaida, tano za mwisho hupotea pasipo onyo lolote. Namba ya simu nayo hupoteza sifuri yake ya mwanzo. Kinga yake ni kuzipanga seli hizo ziwe za maandishi kabla ya kuingiza chochote, kwani tarakimu zilizokwisha kugeuzwa hazirudi kwa kubadili mpangilio baadaye. Tarehe zikaguliwe vilevile: kompyuta yenye mpangilio wa Marekani husoma 03/04 kuwa tarehe 4 Machi, na mtoto aliyepangiwa chanjo tarehe 3 Aprili huonekana amechelewa.

Kuhusu siri, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti. Kwa hiyo ajizoeze kufunga akaunti kila anyanyukapo kitini, asimwazime mwenzake nywila hata foleni ikifika mlangoni, na afanyie mazoezi majina ya kubuni, kamwe si orodha ya wagonjwa iliyotoka kituoni.

Mifumo yenyewe, kama GoT-HoMIS, mfumo wa kompyuta wa kuendeshea huduma katika vituo vya afya vya serikali, hufundishwa kazini. Vitabu vya MTUHA, yaani rejesta za kuandikia taarifa za huduma za afya, ni afadhali avifahamu mapema, maana anayejua safu zake hatababaika anapotakiwa kuingiza takwimu za mwezi katika DHIS2, mfumo wa kompyuta wa kukusanyia takwimu za afya.