Swali la Hifadhidata Likileta Watu Wasiotakiwa

Nilikuwa nakitengenezea chama kimoja cha akiba na mikopo programu ya kuwatumia wadaiwa wa Jinja na Mbale, wilaya mbili za Uganda, ujumbe wa simu. Siku ya kwanza tu, mzee mmoja wa Jinja akampigia mweka hazina: “Mwanangu, deni nilishamaliza, mnanidai nini tena?” Swali lenyewe, yaani agizo la SQL (lugha ya hifadhidata) la kuchagua wa kutumiwa ujumbe, lilikuwa hili:

`SELECT jina, simu FROM wanachama WHERE wilaya = 'Jinja' OR wilaya = 'Mbale' AND deni > 0;`

Hatua ya 1. Usiguse msimbo wa programu kwanza. Mchukue huyo aliyeingia kimakosa, ugeuze kila sharti liwe safu ya jibu:

`SELECT jina, wilaya = 'Jinja', wilaya = 'Mbale', deni > 0 FROM wanachama WHERE id = 214;`

Hifadhidata za PostgreSQL, MySQL na SQLite zote zinakubali. Kwa yule mzee, sharti la Jinja lilikuwa kweli, la deni si kweli, na bado alipita. Hapo ndipo nilipoamka: AND (“na”) hutangulia OR (“au”), kama kuzidisha kunavyotangulia kujumlisha. Hifadhidata ilisoma “wote wa Jinja, pamoja na wa Mbale wenye deni.”

Hatua ya 2. Weka mabano:

`WHERE (wilaya = 'Jinja' OR wilaya = 'Mbale') AND deni > 0`

Mimi napendelea `wilaya IN ('Jinja', 'Mbale')`. Wilaya zikiongezeka, hakuna OR ya kusahau. Kama masharti yanaunganishwa vipande vipande ndani ya lugha ya programu kama PHP au Python, chapisha swali zima lilivyo kabla halijatumwa. Kosa hili hujificha sana pale kipande cha `AND` kinapobandikwa mwishoni.

Hatua ya 3. Tafuta NULL, yaani sehemu iliyoachwa bila kujazwa. `wilaya <> 'Kampala'` (wilaya isiyo Kampala) humwacha nje mwanachama ambaye wilaya yake haikujazwa, kwa sababu jibu lake si kweli wala si uongo. Ongeza `OR wilaya IS NULL`, na mabano yake, tafadhali. `NOT IN` (isiwe kwenye orodha) ni mbaya zaidi: NULL moja tu kwenye orodha, hupati hata mstari mmoja.

Hatua ya 4. Tarehe zenye saa. `BETWEEN '2024-03-01' AND '2024-03-31'` huishia saa sita kamili usiku tarehe 31 inapoanza, kwa hiyo aliyelipa asubuhi ya siku hiyo hayumo. Andika `>= '2024-03-01'` na `< '2024-04-01'`.

Ukishamaliza, mtafute tena yule mzee, namba 214. Mimi nilimpigia mwenyewe kumwomba radhi.