Kufuatilia damu kwenye mishipa midogo ya paka aliye kwenye nusukaputi

Presha nzuri kwenye skrini si ushahidi kwamba damu inafika kwenye tishu. Paka aliyechomwa deksmedetomidini, dawa ya kutuliza, hubanwa mishipa: presha hupanda, ufizi hupauka. Aliye kwenye isofluraini, gesi ya nusukaputi, huwa kinyume chake, ufizi wa waridi unaopendeza, presha ikishuka taratibu. Kwa hiyo soma dalili kwa pamoja, na uzisome mfululizo.

Hatua ya 1: Anza kabla ya dawa

Kagua ufizi, mapigo, joto la mwili na joto la nyayo paka akiwa macho, kisha andika. Bila namba hizo hutajua nini kimebadilika. Paka wengine wana madoa meusi ufizini. Kwao tumia ulimi au upande wa ndani wa kope.

Hatua ya 2: Bonyeza ufizi

Bonyeza juu ya jino la chonge mpaka pawe peupe, achia, hesabu. Rangi inapaswa kurudi ndani ya sekunde 2. Ikichelewa, mishipa imebana: kwa dawa, kwa baridi, au kwa upungufu wa damu. Ikirudi chini ya sekunde 1, huenda mishipa imetanuka kupita kiasi. Rudia kila dakika 5. Usikiamini kipimo hiki peke yake, maana hata mnyama aliyekufa punde rangi yake inaweza kurudi.

Hatua ya 3: Weka Dopla

Dopla ni kifaa kinachokusikilizisha damu ikipita mshipani. Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi. Nyoa manyoya upande wa chini wa mguu wa mbele, juu kidogo ya wayo mkubwa. Paka jeli ya kutosha, sogeza kichwa cha kifaa polepole mpaka usikie mapigo, kisha kifunge kwa plasta bila kukaza, kwani ukikaza unauziba mshipa unaotaka kuusikiliza. Mkanda wa presha ufungwe mguuni juu zaidi ya kifaa, upande wa kiwiko, upana wake uwe karibu asilimia 40 ya mzingo wa mguu. Mwembamba mno hutoa namba ya juu isiyo kweli. Mpana mno, ya chini.

Jaza hewa mpaka sauti ipotee, iachie polepole. Namba unayoiona sauti ikirudi ndiyo presha ya juu, yaani ya moyo unapopiga. Kwa paka, Dopla mara nyingi husoma chini ya hali halisi, lakini ikishuka chini ya milimita 90 za zebaki mimi huchukua hatua. Kwa mashine inayotoa presha ya wastani, mpaka ni 60.

Iache sauti iendelee kusikika muda wote. Ikififia, angalia kwanza kama kichwa kimehama au jeli imekauka. Kama kila kitu kiko sawa, mpime paka presha mara moja.

Hatua ya 4: Oksimita ulimini

Oksimita ni kibano kinachopima oksijeni kwenye damu. Tazama umbo la wimbi la mapigo kwenye skrini yake, si asilimia tu. Oksijeni inaweza kusoma 98 huku mtiririko ni hafifu. Kibano kikikaa muda mrefu hukamua damu ulimini, basi kisogeze kabla hujaongeza dawa yoyote.

Hatua ya 5: Linganisha joto

Pima joto kwenye umio na katikati ya vidole vya nyuma. Pengo likizidi kupanuka, damu inaikimbia miguu.

Dalili zikiharibika

Punguza gesi kwanza. Hakikisha moyo haujapungua kasi na mpashe paka joto. Ukishuku upungufu wa maji, mpe mililita 5 kwa kilo ndani ya dakika 15, upime upya. Paka hujaa maji mapafuni upesi. Weupe wa deksmedetomidini hautibiwi kwa dripu.

Na kwa kazi za meno, epuka kitanua kinywa cha springi. Taya likipanuliwa sana hubana mshipa unaolisha ubongo na macho, paka akaamka kipofu, na hakuna skrini itakayokuonya.

Usifungue vifaa mara tu gesi inapozimwa. Vifo vingi vya paka vinavyohusiana na nusukaputi hutokea baada ya upasuaji, hasa saa 3 za kwanza.