Somo: Chembe gani ya mshale umpigie elki?

Septemba inakaribia na maswali ya chembe, ile ncha ya mshale yenye makali, yameanza kunijia, basi leo tuyamalize. Nazungumzia elki wa Milima ya Rocky, mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu mwenye pembe za matawi, ambaye huku Colorado, Marekani, huwindwa kwa upinde kuanzia tarehe 2 hadi 30 Septemba. Dume lake lina kilo 300 na ushei. Nyumbu ukimsimamisha kando yake ataonekana mdogo.

Wakamba na Wahadzabe, wakimwendea mnyama mkubwa, kazi waliiachia sumu. Huku sumu ni marufuku. Chembe inaua kwa kukata mapafu na mishipa, basi. Ndiyo maana mimi naanza na makali, upana baadaye.

1. Soma kanuni za jimbo. Colorado inataka chembe yenye upana usiopungua inchi 7/8 (kama sentimita 2.2), makali ya chuma mawili au zaidi, na upinde ambao nguvu ya kuuvuta ni pauni 35 kwenda juu. Jimbo jingine lina yake.

2. Chagua aina. Zipo chembe imara, ambazo nyembe zake hazichezi, na za kukunjuka, ambazo nyembe hufunguka zikigusa ngozi. Za kukunjuka huruka vizuri na kuacha tundu kubwa, lakini kule kufunguka kunakula nguvu ya mshale.

Mwaka wangu wa kwanza nilibeba za kukunjuka, upana inchi 2. Dume likasimama ubavu, hatua kama thelathini. Nikalipiga mfupa wa bega. Nililiona wano, yaani ule mti wa mshale, likining'inia, limeingia urefu wa kidole tu. Dume likatikisa mwili, mshale ukaanguka, likapanda mlima. Tulifuata matone mpaka yakakatika. Mshale tuliuokota: wembe mmoja umepinda, wa pili haukufunguka kabisa. Kulenga vibaya ni kosa langu, lakini tangu siku ile podo langu lina chembe imara tu.

3. Uzito. Za kawaida ni greni 100 na 125, yaani gramu 6.5 na 8.1. Napendelea 125, na mshale mzima usipungue greni 450. Angalia jambo moja: ukiongeza uzito mbele, wano hupinda zaidi linapotoka kwenye upinde. Huenda ukahitaji wano gumu zaidi.

4. Jaribu makali. Vuta mpira wa kufungia noti, uguse kwa wembe bila kukandamiza. Usipokatika papo hapo, noa. Nimeshafungua pakiti mpya dukani zikashindwa jaribio hili, kwa hiyo usiamini maandishi ya kwenye boksi.

5. Viringisha, kisha piga. Laza mshale juu ya maboksi mawili, uuviringishe, tazama ncha. Ikiyumba, chembe haijakaa sawa. Halafu nenda kwenye shabaha: piga mshale wenye ncha ya mazoezi, fuatisha wenye chembe, hatua 20, 30, 40. Ikitua mbalimbali, usikimbilie kusogeza kilengeo. Sogeza kiegemeo cha mshale kidogo kidogo mpaka yote itue pamoja. Hapa ndipo wengi huchoka, na hapa ndipo jioni mbili tatu zinapolipa.

Maswali ya wanachama

*Kaka, upinde wangu ni pauni 45 na mikono yangu mifupi. Za kukunjuka zinanifaa?*
Hapana, dada. Mvuto mfupi unapunguza nguvu, usiigawe tena. Chukua chembe imara ya nyembe mbili, nyembamba, mshale mzito, na usogee karibu.

*Mwalimu, nyembe mbili au tatu?*
Mbili hupenya mfupa vizuri zaidi. Tatu huacha tundu lisiloziba upesi, na damu ya kufuata inaonekana. Kwa upinde wa pauni 60 na zaidi, yoyote kati ya hizo, mradi inakata.

*Dume likinitazama uso kwa uso je?*
Mwache, mdogo wangu. Subiri ageuke ubavu, au akupe ubavu huku kichwa kikielekea mbali nawe kidogo.

*Chembe iliyokwisha pita kwenye mnyama naweza kuirudia?*
Iviringishe kwanza. Ikiyumba, itupe. Ikiwa sawa, badilisha nyembe, au kama ni ya kipande kimoja, inoe kwa tupa laini umalizie kwenye mkanda wa ngozi. Ninayo moja imeshaangusha majike wawili. Nayo kila msimu lazima ikate mpira kwanza.