Jinsi ya kupiga igizo la mishumaa ukumbini, staili ya Blackfriars

Kama klabu yenu ya maigizo imechoka kuigiza uwanjani juani na mna ukumbi wowote wa mstatili, igeni Blackfriars, ukumbi wa maigizo wa enzi za Shakespeare kule London. Kilikuwa chumba cha ghorofani kwenye nyumba ya zamani ya watawa wa Kidominiko, James Burbage, mfanyabiashara wa maigizo, akakinunua 1596 kwa pauni 600, majirani wenye vyeo wakaandika barua kulalamikia kelele na msongamano, serikali ikapiga stop, mzee akafa 1597 kampuni yake ya waigizaji haijaigiza humo hata siku moja. Mwaka 1600 likapangishwa kundi la watoto waigizaji, kampuni ya Shakespeare ikakichukua 1608.

Vipimo vilikuwa kama mita 20 kwa 14. Jukwaa liwe mwisho wa ukumbi upande mfupi, na watu wote wakae, hakuna kusimama. Wachache wapeni stuli jukwaani kwenyewe, enzi zile walilipia zaidi ili nguo zao zionekane, kwangu mimi hao ni kero tupu lakini ndo ilivyokuwa. Kiingilio cha chini peni 6, wakati Globe, ukumbi wa wazi wa kampuni ya Shakespeare, ulisimama kwa peni 1, kwa hiyo mtu wa kawaida hapo hana chake.

Sasa mishumaa, kazi yote iko hapa. Ning'inizeni juu ya jukwaa na mingine upande wa watazamaji, msiwaache gizani maana mwigizaji anatakiwa awaone usoni. Kwenye tukio la usiku mwigizaji aingie na mshumaa mkononi, na nguo ziwe na uzi wa kung'aa, kitambaa cheusi kinamezwa tu. Shida ni kwamba utambi ukirefuka unatoa moshi, lazima ukatwe, ndo maana igizo lilikatwa sehemu 5 na katikati yake muziki unapigwa huku watu wanahudumia mishumaa. Tumieni filimbi na udi (ile ala ya nyuzi), tarumbeta na ngoma kubwa waachieni wa nje, humo ndani zitawatoboa watu masikio.

Igizo la kuanzia chukueni Tufani la Shakespeare, Samuel Mushi alishatutafsiria. Angalieni mwisho wa sehemu ya 4, mchawi Prospero na Ariel, roho anayemtumikia, wanatoka, halafu sehemu ya 5 inafunguliwa na haohao wawili wanaingia. Mkiruka mapumziko wataonekana kama watu waliosahau simu ndani. Kwa hiyo pale pigeni muziki kidogo, hata kama mishumaa yenu ni ya betri.

Na kama dari ni mbao au makuti iwe ya betri kweli, msibishane. Globe yenyewe, isiyo na paa katikati, iliungua 1613 mzinga uliofyatuliwa kwenye igizo ulipowasha nyasi za paa. Mkiwasha ya moto wekeni ndoo za mchanga kila kona, na mtu mmoja asiyeigiza kazi yake iwe kuangalia moto tu.