Fuata siku ya mtu mmoja: namna ya kurekebisha kazi mfumo unapobadilika

Mpakiaji mmoja alipewa barua ya onyo kwa kuchelewa saa sita. Mfumo mpya ulikuwa umemtumia ujumbe kwamba zamu yake inaanza 6:00. Akafika saa 6 mchana, ameshakula, amenyoosha shati, anasalimia kila mtu. Mfumo ulimaanisha saa 12 asubuhi.

Wakati huo nilikuwa afisa rasilimaliwatu kwenye ghala la bidhaa za dukani, Dar es Salaam, na ile barua niliiandaa mimi. Tulikuwa tumeacha leja na kuanza kuskani mizigo kwa simu, rosta nayo imehama kutoka ubaoni kwenda kwenye ujumbe. Kila mtu ofisini aliona kazi imerahisishwa. Chini, kwenye mlango wa malori, hali ilikuwa nyingine kabisa.

Hapa naeleza ninavyofanya siku hizi kazi ya mtu inapobadilishwa. Hahitajiki mshauri wa kulipwa wala makochi ya rangi. Unahitaji daftari, buti, na siku kama kumi na tano za kazi.

Hatua ya 1: Chagua kazi moja na badiliko moja

Usianze na "wafanyakazi wote". Andika sentensi moja kwenye karatasi, kwa mfano: "Karani wa kupokea mizigo, tangu tuanze kuskani kwa simu." Ikikushinda kuandika sentensi hiyo, bado hujachagua.

Kisha muulize bosi wako swali moja mapema: je, badiliko hili litapunguza watu? Kama jibu ni ndiyo, au ni kimya cha kutia shaka, weka daftari chini. Hiyo ni njia nyingine. Kwa Tanzania Bara, kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri atoe taarifa, aeleze sababu na ashauriane kabla ya kupunguza watu. Usilifunike jambo hilo kwa mazungumzo ya "kuboresha kazi". Watu wakinusa kupunguzwa hawatakwambia kitu, na watakuwa na haki.

Hatua ya 2: Shinda naye siku nzima

Omba ruhusa kwake yeye kwanza, kisha kwa msimamizi wake. Ukianza kwa msimamizi, karani atajua umetumwa. Vaa rifleta na buti kama wao, acha laptopu mezani. Gawa ukurasa wa daftari mara tatu: saa, anachofanya, na anachosubiri au anayemuuliza. Safu ya tatu ndiyo iliyokupeleka huko.

Huu ni ukurasa wangu wa siku ya kwanza, nimeusafisha kidogo tu:

1:05 asubuhi. Getini, foleni ya alama ya kidole. Mashine haimsomi, vidole vimesuguliwa na maboksi. Dakika 14.
1:25. Simu ya kuskani inadai nenosiri. Analijua msimamizi peke yake, naye yuko kikaoni.
2:10. Anaanza kazi. Lori la kwanza lipo tangu 1:30. Dereva anampigia honi yeye, si aliye kikaoni.
4:40. Chaji imekwisha. Simu tisa, chaja mbili.
7:15 mchana. Anakula amesimama, simu mfukoni, anaitwa mara mbili.
11:20 jioni. Anaandika mizigo yote ya siku upya kwenye leja.

Mstari wa mwisho ulinishangaza. Leja si ilishafutwa? Akanijibu bila kuinua kichwa: "Uhasibu hawauamini mfumo, dada. Wakija kuuliza wanataka kitabu." Kwa miezi miwili karani huyu alikuwa anafanya kazi moja mara mbili, na ripoti zetu zote zilisema tumeokoa muda.

Usitoe suluhisho siku hiyo. Mdomo utakuwasha, najua. Ukianza kurekebisha ukiwa bado unaangalia, ataacha kukuonyesha na ataanza kukusikiliza.

Fuata watu wawili au watatu wa kazi ileile, mmoja wao awe wa zamu ya usiku. Zamu ya usiku huwa haina msimamizi mwenye nenosiri, haina mama lishe, na haina usafiri wa uhakika. Usipoiona kwa macho yako utabuni kazi ya watu wa mchana tu.

Hatua ya 3: Uliza kuhusu jana, usiulize kuhusu hisia

Hapa ndipo nilipoharibu zaidi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mara ya kwanza niligawa dodoso la maswali arobaini, jibu ni kuzungushia namba kati ya 1 na 5. Karibu kila mtu alizungushia 4. Nikapanda nazo kwenye kikao cha menejimenti kama mtu aliyeshinda kombe. Baadaye mzee mmoja wa stoo akaniita pembeni: "Mwanangu, ile karatasi tuliambiwa tuirudishe kabla ya kutoka getini, na juu ina namba ya mfanyakazi. Ulitaka tuandike nini?"

Tena lugha yetu yenyewe inawakinga watu. Ukimuuliza mtu "kazi inakwendaje?" atakujibu "nzuri tu, tunamshukuru Mungu", kwa sababu umemsalimia, naye amekujibu salamu. Huwezi kuchukua salamu ukaiita takwimu. Uliza jambo lililotokea:

"Mara ya mwisho simu ilipogoma, ulifanya nini kwanza? Ukampigia nani?"
"Jana ulitoka saa ngapi? Nani alikwambia utachelewa kutoka, na alikwambia saa ngapi?"
"Mgeni akija kesho, utamfundisha nini ambacho kwenye mafunzo hatukukisema?"

La tatu ndilo lenye mavuno. Kwetu lilitoa orodha ya ujanja ambao hakuna aliyeuandika: katoni zipi zina lebo mbili, ipi kati yake mfumo unaikubali, na kwamba kwenye kona ya nyuma mtandao unakatika, kwa hiyo mizigo ya kona hiyo huandikwa mkononi na kuingizwa jioni. Hilo la kona lilikuwa tatizo la kifaa kimoja cha mtandao. Watu walikuwa wamelibeba vichwani kama sehemu ya kazi.

Mahali pa kuulizia napo pana maneno. Ofisi ya rasilimaliwatu ni mahali ambapo wengi wao waliingia mara mbili: kusaini mkataba na kupokea onyo. Mimi hukaa nao kwa mama lishe, wawili wawili, maana mmoja akisahau mwenzake humkumbusha. Kama umewazidi cheo lakini wamekuzidi umri, anza na shikamoo yako na useme ukweli: "Mzee, nimekuja unifundishe hii kazi, mimi naiona kwenye karatasi tu." Daftari litoke baada ya chai, na kwa idhini yake. Majina yasiandikwe humo. Andika "karani 1", "mpakiaji 2", na ukiahidi hivyo, timiza hata bosi akikubana.

Hatua ya 4: Pima siku hiyo kwa sheria kabla ya kupima kwa furaha

Nimeona ofisi zinanunua meza ya mpira wa mezani wakati wapakiaji wao hawapati saa ya chakula. Chukua ukurasa wa Hatua ya 2, uweke kando ya sheria. Kwa Tanzania Bara, haya ndiyo ninayoyakagua kwanza:

Saa za kawaida zisizidi 9 kwa siku, 45 kwa wiki, siku zisizozidi 6. Fanya hesabu hapo: saa 9 kwa siku zinatosha siku tano tu. Rosta ya siku sita za saa 9 inafika 54, na zile 9 za juu ni muda wa ziada, ulipwe mara moja na nusu. Muda wa ziada wenyewe unahitaji makubaliano na usizidi saa 50 katika wiki nne.

Mtu asifanye kazi zaidi ya saa tano mfululizo bila mapumziko ya angalau dakika 60. Mapumziko hayo si lazima yalipwe, isipokuwa kama mtu anatakiwa afanye kazi au awe tayari kuitwa. Rudi kwenye 7:15 ya karani wetu: amesimama, simu mfukoni, ameitwa mara mbili. Ile haikuwa saa ya chakula.

Kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Na mama anayenyonyesha ana haki ya muda wa kunyonyesha, hadi saa mbili kwa siku, ndani ya saa za kazi. Kwenye rosta ya mfumo wetu hapakuwa hata na mahali pa kuuandika muda huo.

Jambo moja ambalo wengi hulipita: saa au mahali pa kazi vikibadilika kutoka vilivyoandikwa kwenye maelezo ya kazi, kifungu cha 15 cha sheria ileile ya 2004 kinataka ushauriane na mfanyakazi, urekebishe maelezo hayo, na umjulishe kwa maandishi. Ujumbe wa simu wa mstari mmoja hauwezi kuibeba kazi hiyo. Zanzibar ina sheria yake ya ajira ya mwaka 2005 na Kenya ina yake ya 2007, kwa hiyo kama uko huko usinakili namba zangu. Soma ya kwako.

Hatua ya 5: Rekebisha machache, na aliyekuonyesha awepo

Orodha yako itakuwa ndefu. Chukua vitatu: kimoja kisicho na gharama, kimoja cha gharama ndogo, kimoja kigumu.

Kwetu nenosiri lilikuwa la bure. Kila karani akapewa lake, mchana mmoja tukamaliza. Chaja zilikuwa gharama ndogo. Leja ndiyo ilikuwa ngumu, kwa sababu nyuma yake alikuwepo mtu mwenye hofu ya haki: hesabu zikipotea, mhasibu ndiye anayeitwa. Kumwambia "uamini mfumo" hakumsaidii. Tukamwomba achague mwenyewe mizigo kumi kila siku, kwa wiki mbili, alinganishe mfumo na leja mbele ya karani. Zilipolingana, aliachia leja ya bidhaa kavu. Ya vitu vya friji aliishikilia, na mpaka naondoka alikuwa nayo. Sikumsukuma.

Jaribu kwa zamu moja kwanza. Sema wazi ni jaribio na litaisha lini. Karani aliyekuonyesha tatizo awe ndiye wa kusema kama limeondoka, si msimamizi wake.

Hatua ya 6: Andika ujumbe kama mtu anayezungumza

Ujumbe wa zamani ulisomeka hivi: "Zamu: 6:00–15:00. GH-B." Wa sasa:

"Kesho Jumanne unaanza saa 12 ASUBUHI, unatoka saa 9 ALASIRI. Ghala B, mlango wa malori. Chakula saa 5. Ukipata dharura mpigie msimamizi wa zamu kabla ya saa 11 alfajiri."

Mfumo hauwezi kuandika saa za Kiswahili? Wetu haukuweza. Tulimbana muuzaji akatuwekea mahali pa maneno yetu. Asingefanya, ningemlipa karani ujira wa kuandika ubaoni kama zamani.

Rosta ya wiki itoke Alhamisi iliyotangulia. Mtu ana mtoto wa kuchukua chekechea, ana siku ya kikoba, ana nauli ya kupanga. Ukimwambia Jumapili usiku kwamba Jumatatu anaingia usiku, umemharibia na jirani yake aliyeombwa kubaki na mtoto. Badiliko kubwa litangazwe na msimamizi kwa mdomo, asubuhi, maswali yaulizwe hapohapo, ndipo ujumbe ufuate. Wasimamizi wetu walikuwa wanausikia uamuzi kwenye grupu la WhatsApp pamoja na watu wao. Msimamizi wa aina hiyo atajibu nini akiulizwa?

Hatua ya 7: Hesabu vitu ambavyo tayari vimeandikwa

Usirudi kwenye dodoso. Karatasi za muda wa ziada zipo. Saa ambayo lori la kwanza linaanza kushushwa ipo. Na kwenye grupu la zamu, hesabu ni mara ngapi kwa wiki mtu anauliza "kesho naingia saa ngapi?" Swali hilo likipungua, ujumbe wako unaeleweka. Lisipopungua, rudi Hatua ya 6, usiwalaumu watu kwamba hawasomi.

Hatua ya 8: Rudisha majibu getini

Tulibandika karatasi moja karibu na mashine ya kidole, sehemu tatu: tuliyoyasikia, tuliyoyafanya, tuliyoshindwa. Bosi alitaka ya tatu iondolewe. Nilimwomba aiache kwa wiki moja, na ndiyo watu waliyosimama kuisoma. Humo tuliandika kwamba usafiri wa zamu ya usiku haukupata bajeti, na kwamba barua ya onyo ya yule mpakiaji imeondolewa kwenye faili lake na pesa ya siku ile itarudi kwenye mshahara wa mwezi unaofuata.

Wiki ya pili mtu aliongeza mstari wake chini, kwa makapeni nyekundu: "Na feni ya Ghala B?" Sikuufuta.