SOMO: Ni gesi, au kuna uvimbe tumboni? Namna ya kutafuta chanzo

Ndugu wanachama, katika kazi yangu ya utabibu kandokando ya Ziwa Victoria, neno ninalolisikia kuliko yote ni "gesi". Wagonjwa wanaonisikitisha zaidi ni wale waliokunywa dawa za gesi miezi mingi ilhali tumboni mlikuwa na jambo jingine kabisa. Somo hili ni la kuwasaidia mtofautishe hali hizi mbili mapema.

Hatua ya kwanza: pima tumbo asubuhi. Kabla ya kula, na baada ya kukojoa (kwa kuwa kibofu kilichojaa nacho hujitokeza chini ya kitovu kama uvimbe), lala chali, zungusha uzi usawa wa kitovu, kisha funga fundo mahali unapokutana. Pima tena jioni, halafu kila asubuhi kwa muda wa wiki mbili. Tumbo la gesi hupanda na kushuka: hujaa baada ya maharage, kabichi au maziwa, na hupungua upepo unapotoka au unapopata choo. Tumbo lenye maji au uvimbe halina kawaida ya kurudi nyuma. Mama mmoja aliyekuja kwangu hakuwa na uzi, lakini alinionyesha kanga yake. Pale alipozoea kuifundika palikuwa pamekunjamana na kufifia rangi, na fundo la siku ile lilikuwa limesogea karibu shubiri nzima kuelekea pembeni. Ultrasaundi ilionyesha maji, na baada ya uchunguzi zaidi chanzo kikaonekana kuwa kifua kikuu cha tumbo, ugonjwa unaotibika.

Hatua ya pili: tambua mahali. Kulia chini ya mbavu ni makao ya ini, na kushoto ni bandama. Huku ziwani bandama huvimba hasa kwa malaria ya mara kwa mara na kwa kichocho cha tumbo, ambacho vimelea vyake hukulia ndani ya konokono wa maji baridi, kisha humwingia mtu kupitia ngozi anapooga, anapofua au anapovuta nyavu. Mayai ya minyoo hiyo hunasa kwenye ini mwaka baada ya mwaka, ini linaota makovu, damu inakosa njia, na bandama inavimba kwa kurudishiwa mzigo huo. Homa ya ini aina ya B nayo huweza kuishia kwenye saratani ya ini, kwa hiyo uvimbe wa upande wa kulia usichukuliwe kwa wepesi.

Chini ya kitovu kwa mwanamke, jambo la kwanza kuulizwa ni ujauzito, kisha fibroidi (uvimbe wa nyama kwenye kizazi usio saratani) na vifuko vya maji kwenye ovari. Mwanamke aliyevuka miaka 50 ambaye tumbo limeanza kumjaa kila siku na anashiba upesi, asikubali kuambiwa ni gesi kabla ovari hazijaangaliwa. Kinundu cha kinenani au kitovuni kinachojitokeza ukikohoa na kurudi ukilala mara nyingi ni ngiri. Kikigoma kurudi, kikauma, nawe ukatapika, nenda hospitali saa ileile.

Hatua ya tatu: vipimo kwa mpangilio. Anza na kuguswa tumbo na mtaalamu ukiwa umelala, kisha kipimo cha mimba kwa aliye katika umri wa kuzaa, wingi wa damu, choo, mkojo na homa ya ini. Ultrasaundi hufuata, nayo hutofautisha uvimbe wa maji na uvimbe wa nyama. Kwa kizazi utaambiwa unywe maji mengi na kubana mkojo. Kwa ini na nyongo utaambiwa uende bila kula. Picha ya CT na kuchukua kinyama cha uvimbe kikapimwe maabara huja pale tu maswali yanapobaki.

Nawasihi pia msichanjwe chale kwa ajili ya tumbo lililovimba. Nimeona matumbo mengi yenye safu za makovu juu ya bandama, na bandama bado imevimba chini yake.

MASWALI YA WANACHAMA

*Shikamoo daktari. Mwanangu ana miaka 3, nimegusa kitu kigumu ubavuni nikimwogesha. Bibi yake anataka kumchua kwa mafuta. Nimruhusu?*

Marahaba, mama. Usimruhusu, na wewe mwenyewe usiendelee kukibonyeza, kwa sababu katika umri huo kinaweza kuwa uvimbe wa figo, ambao ukiminywa unaweza kupasuka na kusambaa. Mpeleke hospitali kesho. Ukiwahiwa, watoto wengi hupona kwa dawa na upasuaji. Mweleze bibi kwa upole kwamba mikono yake haina kosa, ila uvimbe wa namna hii hauchuliwi.

*Nimeambiwa nina fibroidi ndogo mbili, sina maumivu wala damu nyingi. Je, ni lazima nipasuliwe?*

Si lazima, dada. Fibroidi zisizosumbua huangaliwa tu kwa ultrasaundi kila baada ya muda, na nyingi husinyaa hedhi inapokoma. Hedhi ikizidi hadi ukaishiwa damu, au ukichelewa kupata mimba, mrudie daktari wa kina mama mzungumze upya.

*Mimi ni mvuvi. Nilimeza dawa ya kichocho mwaka jana lakini bandama bado kubwa. Dawa haikufanya kazi?*

Ndugu yangu, prazikwanteli huua minyoo, lakini makovu makubwa ya ini huweza kubaki, na ukirudi majini unaambukizwa upya. Omba upimwe tena choo na ufanyiwe ultrasaundi ya ini, kisha uulizie kipimo cha kamera ya koo na tumbo, kwa maana mishipa ya damu iliyovimba mle kwa sababu ya makovu hayo huweza kufungwa kabla haijapasuka. Ukitapika damu au ukipata choo cheusi kama lami, hata kama ni usiku wa manane, usingoje kupambazuke.