Kitanda cha bibi sebuleni

Kuku wa shangazi kule Pangani walikuwa wakilala juu ya kitanda cha marehemu bibi. Kamba zilikuwa zimeoza zote na kinyesi kimeganda kwenye mifumbati, ile miti ya ubavuni, lakini matendegu, yaani miguu, yote manne ya kukerezwa yalikuwa mazima. Nilipomwambia shangazi kwamba nakichukua, alinitazama kwa huruma. "Mwanangu, na mshahara wote huo unabeba kuni?" Sasa ndicho kochi la sebuleni kwangu, Ngamiani, na shangazi akija Tanga hukikimbilia hicho hicho. Wageni huniuliza nilikinunua wapi. Basi nieleze nilivyofanya, na nilivyoharibu pia.

Usilipe wala usibebe fanicha ya zamani hujaipindua. Ukiona chini ya vitundu kuna unga laini kama podari, wadudu bado wamo ndani wanabungua. Chukua msumari uchomechome kwenye miguu na pembe. Ukizama kama kwenye muhogo uliochemka, mwachie mwenyewe. Halafu inua pembe moja. Mvule na mninga zina uzito wake, na mninga ukiukwaruza kidogo kwa chini hutoa harufu tamu na rangi ya kahawia inayoelekea wekundu. Msaji una mafuta mafuta mkononi. Mikwaruzo, madoa ya vikombe, droo iliyokwama, hayo yasikukimbize. Mbao ikiwa nzima, mengine yana dawa.

Wadudu niliwatibu mwenyewe. Nilinunua dawa ya mbao dukani na bomba la sindano duka la dawa, nikadunga kitundu kimoja kimoja mpaka dawa ikatokea kitundu cha jirani, nje kwenye upepo, glavu mkononi. Nikarudia baada ya wiki mbili. Jirani alinishauri nipake mafuta ya taa. Sikumsikiliza: yananuka miezi, yanawaka moto, na vanishi haishiki vizuri juu yake.

Kusafisha ni sabuni kidogo na kitambaa kilichokamuliwa kisawasawa. Usimwage maji. Uchafu ukishatoka, chukua pamba yenye spiriti uguse mahali pasipoonekana. Polishi ikinata na kuyeyuka, hiyo ni shelaki ya zamani, na una bahati, kwa sababu unaweza kuipitishia spiriti kidogo pamoja na shelaki mpya, ikafufuka bila kuparuliwa. Isipoyeyuka, huenda ni vanishi. Na kama kitu kimepakwa rangi ya mafuta ya miaka mingi, usikipige msasa mkavu hasa kama una watoto ndani, kwani rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi. Lowanisha, vaa barakoa, na usifagie ule uchafu ukiwa mkavu.

Hapa kwenye msasa ndipo nilipolia. Nilikuwa na kabati la vyombo la mninga, la mama, nikalipeleka kwa fundi mmoja mwenye mashine. Sikumwelekeza kitu, nikasema tu "lifanye jipya". Alifanya. Michoro ya milangoni ilifutika nusu, na juu yake akamwaga vanishi nyeusi nyekundu. Lilirudi linang'aa kama jeneza. Mama aliliangalia, akauliza la kwake liko wapi. Tangu siku hiyo msasa napiga kwa mkono, kwa kufuata nyuzi za mbao, naanza namba 120 na kumalizia 240, na kwenye mikerezo situmii kitu zaidi ya kitambaa na kijiti cha mshikaki. Alama ya kisu ya bibi kwenye kitakizo, ule mti wa upana wa kitanda, niliiacha.

Viungo vikilegea usipigilie msumari. Msumari hupasua ulimi, ile ncha ya mbao inayoingia kwenye tundu la kiungo, na hewa yetu ya bahari huutia msumari kutu, mbao ikabaki na doa jeusi. Chomoa kiungo, kwangua gundi ya zamani, paka gundi ya mbao, kisha funga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, zungusha na uvute mpaka gundi itokeze pembeni. Ifute hapo hapo kwa kitambaa kibichi, uache siku nzima. Kwa msaji, futa kwanza kwa spiriti, vinginevyo yale mafuta yake yanaikataa gundi. Penye lazima ya skrubu, weka za shaba.

Polishi yangu ni nta. Sehemu moja ya nta, tatu za tapentaini: nta naiyeyusha kwenye kopo lililo ndani ya sufuria ya maji ya moto, naitoa mbali kabisa na jiko, ndipo natia tapentaini. Napaka nyembamba, naacha kidogo, nasugua kwa kipande cha fulana. Mafuta ya nazi yaache jikoni. Hayakauki, yanashika vumbi na baadaye yanachacha. Ukitumia mafuta ya kitani, matambara yake usiyakunjekunje ukayatupa kwenye kona, maana yanaweza kuwaka yenyewe. Yatandaze nje au yaloweke kwenye ndoo ya maji.

Kuhusu kasha la njumu, lile lililopambwa kwa misumari ya shaba, ukibahatika kulipata: shaba yake isugue kwa ndimu na chumvi au ukwaju, suuza, kausha mara moja, na usiiache ing'ae kupita kiasi. Tunayaita makasha ya Zanzibar, lakini mengi yalitengenezwa India kwa msaji na kuletwa na majahazi. Pekua ndani ya kijaluba cha pembeni na nyuma ya droo, kwa kuwa baadhi yana siri. Langu lilikuwa na kifungo cha shati tu.

Sasa kupanga. Kitu kimoja cha zamani kwa chumba kinatosha, na kiwe kikubwa. Ukijaza vinne unakaa dukani. Ukuta nyuma ya kitanda nimeuacha mweupe mtupu, hakuna fremu hata moja, ili mikerezo ionekane. Juu yake godoro jembamba la sponji lililovikwa kitambaa cha pamba, na mito mitatu ya khanga kuukuu. Mezani kuna runinga ya kisasa na sijaificha, tunaishi humu. Fanicha iwe mbali na ukuta kwa upana wa kiganja, hasa nyumba ya mawe na chokaa ambayo huvuta unyevu, na isielekee kiyoyozi wala dirisha la jua la mchana, ambavyo hupasua mbao.

Kazi moja sikuithubutu: kuwamba, yaani kusuka kamba za kitanda. Nilimpata mzee wa Pangani ambaye bado anajua, akaja na kamba za usumba, akaloweka, akavuta siku mbili huku akininung'unikia kwamba wanawake wa siku hizi hawajui hata jina la kitakizo. Upande wa miguuni aliacha nafasi na kupitisha kamba ya kukazia. Kamba mpya hulegea, kwa hiyo miezi ya mwanzo unakaza kila baada ya wiki chache. Kwangu kazi hiyo ameichukua shangazi. Akifika tu, kabla ya chai, anapiga goti chini, anavuta, na kunisema kwamba nimekiacha kinabonyea.